Gramu Kumi na Tisa

Mimi nilikuwa mwamiaji, Daktari Aikande,
mtoto wa dungu, teo mkononi, koo limekauka kwa kelele.
Alfajiri ya Chekereni nilipiga debe hadi mpunga uamke
na kwelea-kwelea wapae kama moshi wa miwa ikichomwa.
Ndipo ukaja, na buti zako za kuazima,
ukaniuliza nalipwa kiasi gani kuwafukuza.
Ukasema: nitaongeza mia, uwashike.

Kijiji kizima kilicheka.
Mama Ndeanasia alisema huko chuoni wanasoma mpaka akili inamwagika:
nani anamhesabu mwizi manyoya?

Ulinifundisha mshiko.
Shingo katikati ya vidole viwili, kiganja kiwe kiota,
usibane, maana ndege hupumua kwa kifua chote.
Koleo, pete ya bati jepesi mguuni, namba.
Wewe unasoma, mimi naandika na kuirudia kwa sauti
upepo usije ukatudanganya.
Dume, mdomo mwekundu, gramu kumi na tisa.
Jike, mdomo wa manjano, ana yai, gramu ishirini na mbili.
Misimu tisa. Madaftari arobaini na moja.
Nilianza kuota kwa gramu.

Kisha mwaka ule wa ndege ya sumu.
Ilipita jioni juu ya matete, chini chini,
na harufu ya kitunguu saumu kilichooza ikalala nasi.
Asubuhi ardhi ilikuwa imetandikwa mbawa.
Ulisimama mferejini na kalamu, hukuandika kitu.
Watoto ndio waliohesabu:
ndoo moja, ndoo mbili, beseni la Mama Ndeanasia.
Kitoweo cha bure, nani angekikataa?
Hata mimi nilikula. Sikukwambia.

Usiku Elirehema, mtoto wa dada yangu, akatokwa mate kama ndama,
mboni zikasinyaa zikawa ncha za sindano.
Tulimpandisha Moshi mjini kwa trekta la ushirika,
wewe ukimfuta mdomo kwa kijifuko kile cha kupimia ndege.
Muuguzi alipomvua kaptula
pete ikadondoka kutoka mfukoni, ikalia sakafuni: ti.
Ukainama, ukasoma namba.
Na mimi, kwa mazoea,
nikairudia.

Elirehema alipona.
Wa nyumba ya pili hakupona.

Ukarudi darasani na mvi zako za kwanza, kusoma damu.
Wa ndege walisema umewahama,
wa hospitali wakakuita Mama Kwelea, nyuma ya mlango.
Tulipita Mabogini, Oria, hadi kwa vibarua wa miwa,
ukitoboa vidole vya wapulizaji, tone moja moja.
Kidole ulikishika kwa mshiko uleule. Niliona.
Kurasa za kushoto ndege, za kulia watu,
na siku nyingine wino ulivuja, ukachanganya.
Wakubwa kule Arusha walikuuliza, mkutanoni,
wewe hasa ni mtaalamu wa viumbe gani?
Ukawajibu: mferejini hakuna ukuta.
Fedha hawakutoa mwaka ule.

Ndege ya sumu bado inakuja.
Siku hizi hutangazwa kwanza, msikitini na kanisani,
watoto wakafungiwa, na vijana wakafukia mizoga kabla jua halijapanda.
Hicho ndicho ulichokipata kwa miaka thelathini na mmoja.
Kama ni kingi, sijui.
Hukuwahi kusema, nami sikuuliza.

Jana nimepanda Kibosho kukuletea mchele.
Migombani kwako kuna chozi mmoja anayekutukana kila asubuhi,
na wewe, mstaafu, unamjua kwa mguu wake mbovu.
Ukasikia ninavyohema pale kwenye ngazi.
Ukanikalisha. Ukanifunga mkanda mkononi,
vidole viwili kwenye mshipa,
macho kwenye saa, midomo ikitembea kimya.
Ukataja namba.

Nikapapasa mifuko yote
kutafuta kalamu.